Daftari la Matanga

Nilipoweka ubao kwenye ploti yetu, mbuzi wa jirani yetu Koko ndio waliokuwa wa kwanza kuja kuutazama. Waliukagua, wakajikuna nao, na kufikia mwisho wa wiki herufi za chini zilikuwa zimeanza kufutika. Nilitoka nyumbani nikipiga kelele na kurusha madongo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule hasira ndiyo iliyonisaidia kuficha woga.

Ubao ulikuwa wa bati, maandishi meusi juu ya rangi nyeupe, yote kwa Kiingereza. Ulisema kwamba mwenye ploti hii anaomba ruhusa ya kubadilisha matumizi yake kutoka kilimo hadi shule, na mwenye pingamizi aandikie baraza la kaunti kule Kajiado katika muda wa siku kumi na nne. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Kitengela ikifura kila upande, na mbao kama hizo zilikuwa zimeanza kuchipuka kila mahali. Watu walizipita tu.

Mimi sikuweza kuupita wangu. Nilikuwa na nasari ya watoto thelathini na wanane katika vyumba viwili vya kupanga karibu na barabara kuu, na mwenye nyumba alikuwa ametuambia tuhame shule zikifungwa mwezi wa nane, anataka kujenga ghorofa. Nikikosa ruhusa, watoto wale hawana pa kukaa, na miaka yangu sita ya kuwafundisha kushika kalamu imekwenda na maji. Hilo nilikuwa nikilifikiria nikiosha vyombo, nikifunga viatu, nikiongozwa kwenye sala kanisani. Amina yangu ilikuwa ikichelewa.

Koko ni bibi kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, na ndivyo tulivyomwita sote. Boma lake lilipakana na ploti yetu upande wa Isinya. Mwanawe alikuwa ameuza ardhi kipande kwa kipande kwa watu kama sisi, watu wa mishahara tuliotoka magharibi, na kwa wafanyabiashara waliotoka Mkoa wa Kati, kisha akaenda zake. Koko akabaki na boma, mkaza mwana mmoja, na mbuzi. Kila asubuhi mbuzi hao walikatiza ploti yetu wakielekea silanga kunywa maji, na jioni wakarudi kwa njia ileile. Njia yao ilikuwa imechimbika kama mtaro, na ilipita mahali ambapo kwenye ramani yangu palikuwa na darasa la pili.

Afisa wa afya alikuwa amesema shule lazima iwe na ua pande zote. Mume wangu, ambaye hana haraka na jambo lolote, aliitazama ramani akasema, “Si uache futi kumi hapa kando, mbuzi wapite?”

“Na vyoo vitakaa wapi? Kichwani mwako?”

Akaikunja ramani. Futi kumi zilikuwa zinaweza kabisa kupatikana. Ingebidi tu vyoo visogee na darasa moja lipungue urefu. Nilijua hivyo siku ile, na najua hivyo leo.

Koko mwenyewe alikuja akasimama mbele ya ubao, fimbo mkononi.

“Mwalimu, hii bati inasema nini?”

“Inasema hapa itakuwa shule, Koko.”

“Ya watoto?”

“Ya watoto.”

“Sawa. Hiyo ni nzuri.”

Habari ya ua sikumwambia. Hakuuliza, na mimi sikujitolea kusema.

Siku kumi na nne zikaisha bila pingamizi. Nikaenda Kajiado nikidhani nimeshapita, kumbe karani wa mipango alikuwa na lake. Alifungua faili yangu polepole, akalamba kidole, akafungua tena.

“Mwalimu, hii faili iko na shida kidogo. Niko na barua, niko na ramani, niko na tangazo la gazeti. Lakini community iko wapi? Kamati itauliza kama watu wa pale wanataka hii shule. Niletee barua ya kikundi, na majina, na sahihi. Watu kama thelathini hivi. Na majirani wa mpaka wawe ndani.”

“Kamati inakaa lini?”

“Alhamisi.”

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Kamati ikinikosa mwezi ule ingekaa tena baada ya miezi mitatu, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kungoja miezi mitatu.

Kikundi nilikuwa nacho, kikundi cha kina mama wa kwetu tulioletwa Kitengela na kazi za waume zetu, na katibu nilikuwa mimi. Sasa, sisi watu wa kwetu hatukutani bila daftari. Iwe ni matanga, harusi au mtoto aliyefaulu mtihani, daftari linazunguka na kalamu yake iliyofungwa kwa uzi, na kila aliyefika anaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, ili kesho asije akasemwa kwamba hakuonekana. Mtu anaweza kukosa chai, lakini hakosi kuandikwa.

Miezi miwili nyuma mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mama, na tulikutana nyumbani kwangu kumpa pole. Koko aliona watu wengi, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akarudi bomani kwake, akaja na kibuyu cha maziwa, akakaa mkekani pamoja nasi. Kalamu ilipomfikia alicheka, akasema yeye hajui kuandika. Nilimshika mkono mimi mwenyewe. Nilimpaka kidole gumba wino wa biki, nikakibonyeza kwenye mstari, nikaandika jina lake pembeni. Alikitazama kidole chake kwenye karatasi akafurahi. Kilikuwa na kovu la kisu lililokikata katikati, na kovu lilitokea pale wazi, mstari mweupe ndani ya bluu.

Jioni ya Jumanne ile nilitoa ukurasa huo kwenye daftari. Majina arobaini. Juu kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nilikuwa nimeandika WALIOHUDHURIA MATANGA YA MAMA YA MWENZETU. Nikaweka rula chini ya mstari huo, nikapitisha wembe.

“Unakata nini?” mume wangu aliuliza.

“Karatasi.”

“Naona ni karatasi.”

“Basi kama unaona, unauliza nini?”

Nilijiambia kwamba kina mama wale wote wangekubali, na ni kweli, nusu yao watoto wao walikuwa kwangu. Thelathini na tisa wangetia sahihi hata bila kusoma. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye pekee aliyekuwa jirani wa mpaka. Ningeweza kutembea hatua mia moja mpaka bomani kwake nikamuuliza. Niliogopa jibu lake, basi. Sina maneno mengine ya kulipamba.

Jumatano karani aliipokea barua ya kikundi, na ukurasa ule nilioubana nyuma yake, kwa uso wa furaha. “Sasa hii ndiyo community,” akasema. Kisha akaweka kucha kwenye alama ya kidole. “Kesho kuja na huyu mama. Kamati hupenda kuona jirani.”

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nimesimama langoni kwa Koko, nikimsalimia, “Takwenya, Koko,” naye akiitikia, “Iko,” na mimi nikimwambia kwamba kesho wakubwa wa Kajiado wanataka kumsikia kuhusu shule. Akakubali mara moja. Asubuhi alitokea amevaa shanga zake zote na shuka mpya, kama mtu anayekwenda kutoa binti.

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili. Nilikwenda chooni mara tatu. Koko alikuwa ametulia, akisalimiana na kila anayepita, akiniuliza kama watoto wangu wanakunywa maziwa ya kutosha. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya pili nilifika mbali: “Koko, kuna ile karatasi…” Mlango ukafunguliwa, tukaitwa.

Madiwani walikuwa watano, mezani kuna soda. Mwenyekiti, mzee wa Kimasai mwenye kofia, aliinua barua yangu.

“Mwalimu, wewe na hiki kikundi mko na uhusiano gani?”

“Mimi ni mwanachama tu, mheshimiwa.”

“Nani alichukua haya majina?”

“Katibu.”

Nilisema katibu kana kwamba ni mtu mwingine, amebaki nyumbani anapika.

“Na huo mkutano ulikuwa wa mambo ya shule?”

“Ndiyo.”

Nilishangaa jinsi neno lile lilivyotoka jepesi. Mwenyekiti akamgeukia Koko, wakasalimiana kwa heshima, kwa kirefu, kisha akamsogezea karatasi na kumuuliza kwa Kimaa. Kimaa changu kilikuwa cha salamu na sokoni, lakini hilo nililielewa. Alikuwa anauliza kama alama ile ni yake.

Koko aliinamia meza. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kovu lake alilijua. Alilitazama. Macho yake yakapanda taratibu, jina baada ya jina, mpaka juu ambapo wembe ulikuwa umepita, akagusa ukingo ule kwa ncha ya kidole. Kisha akanitazama mimi.

“Ee,” akasema. “Ni yangu.”

“Basi jirani amekubali,” mwenyekiti akasema, na karani akaandika. Hakuna aliyemuuliza lingine. Faili iliyofuata ilikuwa imeshafunguliwa.

Nje, jua lilikuwa kali. Tulitembea mpaka kwenye kivuli cha ukuta ndipo akasema.

“Ile siku ilikuwa ya kufiwa.”

“Ndiyo, Koko.”

“Mimi nilileta maziwa.”

“Ndiyo.”

Mlango wa ofisi ulikuwa bado wazi nyuma yetu, niliweza kuziona soda mezani. Ningeweza kurudi ndani. Nilimuuliza kama angependa chai, akasema hana kiu.

Mwezi wa nane tulihama. Watoto wote thelathini na wanane walipata madarasa ya mabati yanayonukia rangi, na wazazi wakanipigia makofi. Siku fundi alipomaliza kukaza seng'enge, mbuzi walikuja kama kawaida yao, wakasimama kwenye waya, wakangoja. Walingoja muda mrefu. Mkaza mwana wa Koko akaja akawazungusha kwa njia ya barabara, mwendo wa karibu saa nzima mpaka silanga, na hivyo ndivyo walivyokwenda kila siku tangu hapo. Kiangazi kilichofuata waliuzwa sokoni Bisil. Koko hakuja kulalamika. Tukikutana alinisalimia, mimi ndiye niliyeanza kupita njia nyingine.

Kile kipande cha juu cha karatasi sikukitupa. Kilikuwa ndani ya Biblia yangu, na kila nilipokikuta nilisikia aibu upya, nikakirudisha.

Miaka kadhaa baadaye mama yangu alifariki. Kina mama walijaa nyumbani, kikundi kikiwa sasa na katibu mwingine, binti mchangamfu aliyehamia juzi. Koko aliingia akitegemea fimbo, kibuyu cha maziwa mkononi, ingawa sijui aliyatoa wapi, maana mbuzi hakuwa nao tena. Alinishika mikono yote miwili, akakaa mkekani, mahali palepale.

Daftari likazunguka likamfikia. Katibu alipiga magoti mbele yake na biki.

“Koko, kama hujui kuandika si shida. Weka tu kidole.”

Koko alikunja kidole gumba ndani ya ngumi, akaiingiza ngumi chini ya shuka.

“Mimi nimekuja,” akasema. “Mwalimu ameniona.”

Katibu akanigeukia, hajui afanye nini. Nilimwambia ampelekee mwingine daftari.