Siku Niliyopima Maziwa ya Mama Mkwe

Haya, chekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana aibu hii ninaisimulia mwenyewe kabla shemeji zangu hawajaifikisha kwenu, na wale huongeza chumvi kwenye jambo ambalo tayari lina chumvi ya kutosha. Mimi Bahati, mtu wa masomo, niliyekuwa nikifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza habari za vimiminika (uzito wake, mnato wake, kwa nini mafuta huelea juu ya maji na asali haina haraka), siku moja niliumbuliwa na maziwa mbele ya ukoo mzima.

Ilikuwa ile miezi baada ya volkano kushuka mjini. Maabara yetu ilikuwa chini ya lava, na kitu pekee nilichookoa ni kipima-maziwa, kile kijiti cha kioo chenye chembe za risasi tumboni (ile ya madini, si ya vita) na namba shingoni: unakitumbukiza, kikielea juu maziwa ni mazito, kikizama zaidi unasema mtu ametia maji. Nilitembea nacho kwenye mfuko wa koti kama daktari, ingawa hakuna mgonjwa aliyeniita. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Furaha, msichana niliyetaka kumwoa, dada yangu akaniambia, "Bahati, hiyo kitu uiache ku nyumba." Nikakiacha mezani, nikatoka, nikafika barabarani, nikarudi kukichukua. Ningekuwa na akili ningevunjika mguu palepale mlangoni.

Wazazi wa Furaha walikuwa watu wa milima ya Masisi. Vita vilipopita kwao walishuka wakajenga kule Lac Vert, na katika kundi lao lote la ng'ombe walibaki na mmoja tu, Bihogo. Mama yake Furaha alikuwa akiyapeleka maziwa ya Bihogo kuuzwa mtaa wa Katoyi kila asubuhi, na hayo ndiyo yaliyolisha nyumba. Yote haya nilikuwa nayajua.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Tumeketi chini ya turubai, baba yangu na wajomba upande huu, wao upande ule, na muzee wa nyumba, baba yake Furaha, akaniuliza, "Weye wa masomo, utuelezee. Ile moto ya mulima, kwa nini ilikimbia vile?"

"Papa, ni mnato," nikasema. "Kuko lava nzito kama bugali. Yetu iko kama uji, na uji ikimwangika huwezi kuishika."

"Eeeh!" wakaitikia wote, na muzee akatabasamu, na kwa kweli mke ningekuwa nimeshampata hapo hapo kama ningefunga mdomo.

Mama akaingia na maziwa kwenye chombo cha mti, yakitoa povu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Kwao mgeni hupokea, hunywa, husifu, basi. Mimi, sifa zikiwa zimenipanda kichwani, nikasema, "Mama, mbele ya kunywa niwaonyeshe kitu kidogo," nikatumbukiza kijiti changu, nacho kikazama mpaka ishirini na tano, wakati maziwa safi hayashuki chini ya ishirini na nane.

"Inasema nini?" mjomba wangu akauliza.

Na mimi, kwa sauti ileile ya darasani: "Hii maziwa iko na maji."

Jamani. Shangazi yake Furaha akasimama. "Unasema mama ya watu njo mwizi?" Baba yangu, badala ya kuzima moto, akamwaga petroli: "Mutoto yangu hawezi kukosea na namba!" Furaha alikuwa mlangoni, ameziba mdomo kwa kiganja, na muzee akachukua fimbo yake akainuka, na kwao muzee akiinuka na fimbo mazungumzo yamekwisha.

"Baba Furaha, ikala," mama akasema polepole, na muzee akaketi tena. Kisha akanigeukia. "Kule Katoyi wananipima na hiyo kitu kila asubuyi. Wanaachaka kwanza maziwa ipoe, povu iishe, njo wanapima. Hii nimetoka kuikamua sasa hivi, na mafuta yake sikuyagusa. Ni kwa sababu yako."

Kimiminika kikipata joto hutanuka na kuwa chepesi, mafuta ni mepesi kuliko maji, na povu ni hewa tupu: mambo hayo matatu nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa mkono wangu! Maziwa yale yalipungua uzito kwa sababu yalikuwa mazuri, yaliyotoka kwa ng'ombe saa ileile, na mimi nikamwita mwenye maziwa mwizi.

Mama hakuishia hapo. Alimimina maziwa yote kwenye sufuria, akaiweka ndani ya beseni la maji ya mvua, akaketi. Tukangoja yapoe. Mjomba wangu alihesabu vifungo vya shati lake, na mimi nilitamani volkano ishuke tena, kidogo tu, kwenye kiti changu.

"Pima," mama akasema.

Thelathini na moja. Safi kabisa. Mashangazi wakapiga vigelegele, na kijiti chenye utelezi wa mafuta kikaniponyoka, kikagonga ukingo wa sufuria, kikapasukia ndani, vioo na risasi zote. Ikabidi maziwa yamwagwe. Mama aliyamwaga mwenyewe kwenye mawe ya lava, yakapotea humo, na siku hiyo watoto wa nyumba ile walikunywa chai kavu, bila maziwa, kwa sababu yangu. Nililia, sifichi.

Muzee akamuuliza Furaha mbele ya wote, "Huyu, unamutaka bado?"

Furaha akatoka mlangoni, akaja kusimama mbele yangu. "Ninamutaka, Papa. Lakini ajue kwanza kukamua."

Basi kwa miezi mitatu nilikwenda Lac Vert kila alfajiri, Bihogo akanipiga mateke, nikambebea mama mkwe ndoo hadi Katoyi, na ndipo nikaoa. Vimiminika bado nafundisha, na nafundisha vizuri kuliko zamani. Lakini mtu akinikaribisha kikombe, nakunywa na kushukuru, na kama ndani kuna maji, basi hayo ndiyo aliyokuwa nayo ya kunipa.