Nyongeza ya Vidole

Mwanangu, siku niliyokimbiwa na wateja gulioni Mkuyuni ningali naikumbuka, ingawa aibu yake imeshaniisha.

Nilikuwa binti, kichwa juu. Mama aliuza mdalasini na pilipili manga kwa kikombe. Kikombe kikijaa, anachota kwa vidole na kuongeza. Ndiyo nyongeza, nani asiyeijua? Miguu ilipomsumbua akaniachia meza. Mimi nilikuwa nimeona duka mjini Morogoro, lina mizani, muuzaji hasemi neno wala mnunuzi. Nikapenda! Nikanunua mizani, nikabandika karatasi: BEI MOJA, HAKUNA NYONGEZA. Mshale ukizidi kidogo, narudisha punje guniani. Mjinga mimi.

"Hata punje moja, mwanangu?" aliniuliza bibi mmoja wa Matombo, mteja wa mama wa siku nyingi.

"Mizani imeshasema, bibi."

Akauacha mzigo palepale. Magulio matatu yaliyofuata nilikaa nikifukuza nzi. Meza ile ndiyo iliyotulea, na mimi nilikuwa naiua.

Mama akaja na fimbo yake, akaichana karatasi mbele za watu. "Haya, mwambie huyo mizani akununulie!"

Soko zima likacheka. Kesho yake nikapanda mlima hadi Matombo na kifurushi cha mdalasini, nikapiga hodi. "Shikamoo bibi. Nimeleta nyongeza yako." Alicheka mpaka akakaa chini. Gulio lililofuata alikuja na majirani zake wote.

Siku hizi mjini mtu anaingia duka kubwa, anajichukulia mwenyewe rafuni. Mjukuu wangu Zuhura naye anauza viungo kwa simu, bodaboda anapeleka. Watu walisema tumekwisha. Amekwisha nani? Kila mzigo Zuhura anautia kijiti cha mdalasini cha bure, na wateja kutoka Turiani mpaka Dar wanauliza kwanza, "Nyongeza ya bibi ipo?" Meza ya mama leo ni duka la milango miwili mjini! Naona fahari, wala sifichi.

Basi uza kwa mizani, uza kwa simu, mwanangu. Mambo mapya hayana ubaya. Ila mteja asiondoke kwako bila kitu ambacho hakukilipia. Mkono mtupu haulambwi.

Mungu akijaze kikombe chako cha riziki, kisha akuongezee na ya vidole.