Ndama Asiye na Alama

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya ngozi pale Lodwar alinipa chekeche na gunia la mchanga wa mtoni. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Baba alitangulia, mama akafuata, na wadogo zangu watatu wakabaki kunitazama mimi. Nilitarajia kupewa kisu. Nilichekecha mchanga mpaka saa ya kufunga, kisha Fundi Mkuu akauchota, akaupitisha kati ya vidole, akasema, "Umeacha kokoto. Kesho rudia."

Nyinyi mnaoanza sasa mnapaswa kujua tulikuwa tunatengeneza nini. Upepo wa Lodwar mnaujua, na madirisha ya ofisi hayafungiki kwa sababu ya joto. Kwa hiyo tulishona vizito vya mezani, vifuko vya ngozi ya mbuzi vilivyojazwa mchanga ili karatasi zitulie. Ngozi hukatwa kwa kufuata kiolezo, yaani kadibodi yenye umbo la kitu unachokitaka. Unaishona upande wa ndani ukiwa nje, kwa uzi uliopakwa nta, kisha unaipindua na kuijaza. Kokoto moja ikibaki, itatoboa ngozi kutoka ndani baada ya miezi michache, na meza ya mtu itajaa mchanga.

Miaka ilipita, nikahamishiwa tawi la Kakuma. Msimamizi wa Tawi, mtu wa Machakos, alinitazama nilivyokondeana.

"Nimeomba fundi, Lodwar wameniletea sindano?"

"Sindano, bwana," nikamjibu. "Lakini inashona."

Alicheka, akanipa meza karibu na mlango.

Siku moja alikuja Mkuu wa Mapokezi wa ofisi iliyosikiliza maombi na malalamiko, ya wakimbizi na ya wenyeji. Alikuwa mama mtulivu, anayefikiri kabla ya kusema.

"Watu wanakaa mbele yangu wakitetemeka," alisema. "Wanabandua ukingo wa meza kwa kucha. Nitengenezee kitu cha kushika. Kiwe kizito kidogo, na kimfanye mtu atabasamu."

Nilichora ngamia aliyelala, mwenye nundu laini inayojaa kiganja. Nilitengeneza kumi. Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Ngamia wa baba walikuwa wamekwisha kwa ukame, na alama ya ukoo wetu, ambayo kwetu huitwa emachar, haikuwa tena kwenye paja la mnyama yeyote wa nyumba yetu. Nilipasha waya moto nikawachoma wote kumi alama ile. Nilipowapanga mezani, niliona kundi la baba.

Wiki mbili baadaye Msimamizi aliniita. Mizaha haikuwepo.

"Wakimbizi wanawashika ngamia wako. Wenyeji hawawagusi. Mzee mmoja aliondoka kabla hajamaliza maneno yake. Ofisi ikiwarudisha wote, makao makuu watafunga meza ya ngozi hapa, na wewe utarudi nyumbani. Nenda ukaone kuna nini."

Niliwaza karo ya wadogo zangu watatu. Nikaenda, nikakaa pembeni ya ofisi ile.

Asubuhi hiyo aliingia bibi mmoja wa Kiturkana, shanga zimemjaa shingoni. Alikuwa amekuja kulalamika kwamba wajukuu wake wanafukuzwa kisimani.

"Ejok, mama. Karibu, keti," Mkuu wa Mapokezi alimsalimu kwa lugha yake, akamsogezea ngamia.

Bibi alirudisha mikono yake mapajani.

"Hii ngamia ni ya nani?"

"Ni ya ofisi, mama."

"Ofisi haina alama. Mimi najua hii alama. Hao ndio wanafukuza watoto yangu kwa kisima." Akamtazama usoni. "Wamekupa ngamia ngapi?"

"Mama, hiki ni kitu cha kushonwa tu."

"Hata cha kushonwa iko na mwenyewe," bibi alisema. Akainuka, akatoka.

Niliinuka kwenda kuwakusanya wale ngamia. Mimi Mturkana, niliyefundishwa tangu utotoni kwamba mnyama mwenye alama ana mwenyewe, nilikuwa nimeweka ukoo wangu juu ya meza ya haki.

Nilirudi karakana nikiwa na ngamia wote kumi ndani ya gunia. Kwanza nilifikiri kukata kipande chenye alama na kuziba kwa ngozi nyingine. Lakini kwetu ngamia mkubwa asiye na alama ni aliyepotea. Mtu akimwona huuliza aliibiwa wapi. Ndipo nikamkumbuka ndama, ambaye huzaliwa bila alama na kukaa hivyo kwa muda. Huyo hata mgeni anaweza kumshika asije akaanguka.

Nilichora kiolezo kipya. Tumbo lenye mchanga, miguu minne mirefu isiyojazwa, inayoning'inia ukingoni mwa meza, na kichwa kizito kinacholala upande wowote. Ukimsimamisha anaanguka. Msimamizi alijaribu mara tatu kumsimamisha.

"Huyu amelewa," alisema, akacheka.

Tulituma mtu amwombe bibi arudi. Alimkagua ndama paja moja, kisha la pili, akamgeuza tumbo. Akamlaza mapajani na kuanza kumpapasa mgongo. Akaeleza habari za kisima mpaka mwisho. Meza ya ngozi haikufungwa.

Nilistaafu mwaka huu. Nimeshona ndama wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na vijana wakiniuliza siri ya kazi huwaambia wamtazame atakayeketi upande wa pili wa meza, na si yule aliyeagiza tu.

Wadogo zangu wote watatu walimaliza shule. Wamekuwa wakidhani baba hakuniachia chochote, kwa kuwa sikuwahi kuwaonyesha. Jioni ile niliporudi na gunia niliwafumua wale ngamia kumi kwa mkono wangu, nikarudisha mchanga kwenye gunia, na ngozi zao, zikiwa bado na alama ya baba, nikazikata kuwa miguu ya ndama wa kwanza, upande wenye alama ukiwa ndani. Sijawahi kuwaambia. Watayasoma haya hapa.