Chipsi zangu zimefika kwa miguu

Leo nimemzimia mtu pikipiki akiniletea chakula mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kufuatilia pikipiki za umeme tunazowakodishia wapeleka chakula. Moja ikivuka mpaka wetu wa Nzuguni, naizima kwa simu ya ofisi. Basi.

Sasa mimi nakaa kilomita moja nje ya huo mpaka.

Nikiwa nyumbani na simu ya ofisi, nimeagiza chipsi kuku. Simu ikalia: kuna moja imevuka. Nikazima, wala sikuwaza.

Nusu saa baadaye kaka wa watu huyo anaikokota juani, shati limelowa.

"Samahani dada, wamenizimia. Ngoja niwapigie."

Simu ikaita mkononi mwangu.

Tukaangaliana. Nikaikata.

Nimempa nyota mbili. Chipsi zilikuwa zimepoa jamani, nyie mngempa ngapi?