Tembo Aliyempa Mwanawe Mgongo

Jua limeshachomoza, foleni ya sikukuu imeuzunguka ukuta wa bustani ya michezo, na katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa mwanamume mmoja anaingiza miguu yake kwenye miguu ya tembo. Anavuta zipu hadi kifuani. Kisha anainama, na binti anayemwongoza kazini anamvika kichwa na kufunga ndoano nne kisogoni, mahali ambapo mikono yake, ikishavaa zile glavu nene, haifui dafu.

Kuanzia hapo hana jina jingine. Watoto wanamwita Tembo, wenzake wanamwita Tembo, na mkewe akimkasirikia naye humwita hivyo hivyo. Anauona ulimwengu kupitia tundu la mdomo lisilozidi kiganja. Akisema neno ndani ya kichwa hicho cha sponji, nje unasikika mngurumo tu.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kucheza," anasema wakati wa mapumziko, jasho likimwingia machoni. "Kazi yangu ni kuvumilia joto na kukumbatiwa na watu nisiowaona."

Leo ana roho juu. Kabla hajavikwa kichwa tena anamuuliza yule binti kama mnyororo wa gati la mashua umefungwa. Anajibiwa kwamba umefungwa. Muda mfupi baadaye anauliza tena, na binti anamjibu tena bila kuchoka, maana naye alikuwepo sikukuu iliyopita.

Mwaka huo Tembo alikuwa amepata zamu ya likizo ya familia: siku mbili katika vyumba vya wageni vya bustani, na michezo yote bure. Walikuwa watatu, yeye, mkewe na binti yao mdogo wanayemwita Kipipa kwa jinsi alivyojaa mashavu. Kipipa alikuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia, na alikimbia kama mtu anayedaiwa.

Jioni ya kuamkia sikukuu, msimamizi akabisha hodi. Tembo wa zamu alikuwa ameshikwa na homa. Baba mtu akakubali, kwa kuwa alishindwa kukataa. Mkewe alilikunja gauni lake jipya akalirudisha kwenye begi, na hilo lilimkata maini mumewe kuliko ugomvi wowote.

Asubuhi Kipipa alipomwona Tembo, aliangua kilio akajificha kwenye sketi ya mama yake.

"Kukimbiwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe, tena sikukuu," anasema. "Niliumia sana, sikufichi."

Mchana ndipo balaa lilipoingia. Mama alimweka mtoto chini ili atoe nguo kavu kwenye mkoba, na kufumba na kufumbua mtoto hayupo. Akapiga yowe. Yule binti mwongozaji akamwacha Tembo kando ya ziwa la mashua, akakimbia kwenda kusaidia kutafuta.

Tembo akageuka huku na huku, akitafuta kwa lile tundu lake moja. Akaona kofia ya njano. Kipipa alikuwa amepita pale mnyororo ulipoachwa bila kufungwa na kusimama karibu na mwisho wa mbao za gati. Mashua zote zilikuwa katikati ya ziwa. Hatua tatu nyuma ya visigino vyake palikuwa na maji tu.

Baba akaita. Ukatoka mngurumo. Mtoto akamtazama, midomo ikaanza kumcheza, akarudi nyuma hatua moja. Baba akasogea, mtoto akarudi nyuma tena. Baba akakivuta kile kichwa cha tembo kwa nguvu zake zote, lakini ndoano zikagoma. Akapunga mikono kuomba msaada, na watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanamrekodi kwa simu.

"Kuna mmoja aliniambia, Tembo, cheza tena," anakumbuka. "Na mimi pale najua nikienda mbele hatua moja, namuua mwanangu."

Akafanya kitu ambacho mpaka leo kinamtia baridi akikisimulia. Akageuka. Akampa mtoto mgongo, akachuchumaa, akajipiga mabega mara mbili.

Nyumbani, kila anapotoka kazini, hivyo ndivyo anavyomwita Kipipa abebwe. Hasemi neno. Anachuchumaa, anajipiga mabega, na mtoto anapanda.

Sasa hakuona kitu ila majani, na muziki ulikuwa juu mno asiweze kusikia nyayo. Alikuwa anasubiri mlio wa maji. Akajipiga mabega tena. Alikuwa analia, na kule ndani hakuna pa kufutia machozi.

Halafu akahisi goti dogo kiunoni.

Hakuthubutu kusimama. Alitambaa kwa magoti, amemshika mtoto miguu yote miwili, hadi kwenye majani. Watu wakashangilia. Mkewe, aliyefika peku peku akihema, ndiye peke yake aliyejua kilichotokea.

"Nilitaka kumchukua, akakataa kushuka," anasema mama Kipipa. "Anapiga lile lichwa, anasema, 'Baba, twende.'"

Tangu hapo Kipipa anaamini kila Tembo ni baba yake, na wazazi wake hawajui wacheke au waogope. Kesho ni zamu yao ya likizo tena. Baba anataka kuingia kwa lango la mbele, uso wazi, apange foleni na mwanawe kumsalimia Tembo mwingine, wakiwa wameshikana mikono. Tatizo ni kwamba mwenzake atakayekuwa Tembo kesho anakohoa tangu jana.

Anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka.

"Leo usiku msimamizi akibisha hodi," anasema huku akiinama avikwe kichwa, "nitafungua mlango, nimwambie hapana."

Ndoano ya nne inafungwa. Kutoka ndani unasikika mngurumo, na yule binti anamjibu kwamba ndiyo, mnyororo umefungwa.