Sauti Yangu Ilikuwa Ikibaki Nyumbani

Ninyi mnaonisikia nikinadi vitenge vyangu hapa Majengo, Goma, mkilalamika kwamba nawapigia kelele, leo nisikilizeni kwa jambo jingine. Nilipokuwa mtoto, miaka ilipita bila mtu wa nje ya nyumba yetu kunisikia nikisema neno.

Nyumbani nilikuwa na mdomo kweli. Mama aliniita redio. Baba alikuwa akileta samaki kutoka Vitshumbi, kule ziwani, na akirudi nilimsimulia mambo yote ya mtaa mpaka ananiomba nimwache ale. Lakini mgeni akibisha hodi tu, koo lilikaza. Shingo ilikuwa ngumu, mikono ilipoa, ulimi ulikauka. Maneno nilikuwa nayo yote kichwani, ila hayakutoka.

Kwetu mtoto asiyesalimia wakubwa humwaibisha mama yake. Majirani walisema nina kiburi. Wengine walisema ni vita, kwa kuwa tulifika Goma tukikimbia kutoka kijijini kwetu Kalengera. Hapana. Hata kabla ya kukimbia nilikuwa hivyo. Siku hizi nasikia hali hiyo wanaiita ububu wa kuchagua, na jina hilo linaniudhi. Mimi sikuchagua chochote.

Shule ndiyo iliyonimaliza. Mwalimu akiita majina, wenzangu wanaitika, mimi natazama miguu yangu. Sikuweza hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilibana, nikabana, mpaka mkojo ukashuka kwenye soksi mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kukaa nami benchi moja. Wakati wa mapumziko nilisimama kwenye ukuta wa mawe meusi, nikisikiliza nyimbo za michezo yao. Nilizijua zote. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilianza kusahau kama kuna mtu ananiona.

Ndipo shangazi yangu, dada yake baba, akaja kututembelea. Alinifungua kinywa karibu na dirisha, akatazama ndani.

"Kilimi chake kimerefuka," alisema. "Njo hicho kinamufunga sauti."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kwetu wako wazee wanaowakata watoto kilimi, wakiamini kinaleta kikohozi na kutapika. Mama alisita, maana alijua nyumbani naongea vizuri. Lakini alikuwa amechoka kusemwa. Mapigano yalipotulia njiani, tulipanda mpaka Kalengera. Shangazi alinishika kichwa, mzee mmoja akaingiza chuma kilichopindwa, akakikata. Nilipiga ukelele. Watu waliokuwa nje walifurahi, wakasema sauti imefunguka.

Koo lilivimba. Nilitema damu, kisha usaha, homa ikapanda, hata mate yangu yakanishinda kumeza. Na kidonda kilipoanza kukauka, sikuongea tena hata nyumbani. Baba alirudi na samaki wake, akala bila mtu wa kumsumbua. Nilimwona akinitazama, akingoja. Mama alitoka nje akalia, nikajua analia kwa ajili yangu.

Daktari wa Goma aliyenitibu aliwaambia koo litapona, lakini shida haikuwa kooni tangu mwanzo. Alitutuma kwa mama mmoja mwanasaikolojia wa watoto. Huyo alieleza kwamba ni woga, woga unaoshika mwili mzima, wala si ukaidi.

"Musimulazimishe, musimupige, wala musimupe zawadi ili aseme," aliwaambia wazazi wangu. "Mumuzoeze watu polepole, mumoja mumoja."

Kwanza nilianza kumnong'oneza mama. Baadaye baba. Halafu ikawa zamu ya Madame, mwalimu wangu, ambaye Jumamosi alikuwa akisuka nywele za watu. Mama akamwomba awe anakuja kunisuka nyumbani. Nilikaa chini kwenye mkeka, katikati ya magoti yake, mgongo kwake. Yeye hakuuona uso wangu, na mimi sikuuona wake. Mama alikaa mbele akichambua maharagwe na kuongea nami. Madame alisuka tu, hakuuliza kitu. Jumamosi nyingi zilipita hivyo. Siku moja alivuta nywele za kisogoni, neno likanitoka kabla sijalizuia.

"Madame, inauma."

Nilishtuka. Mama aliacha maharagwe. Lakini Madame hakushangilia. Alilegeza mkono.

"Pole, mama," aliniambia, akaendelea kusuka.

Namshukuru Mungu, lakini kwa hilo namshukuru na Madame, kwa sababu angeshangilia ningejifungia tena. Wewe uliye na mtoto kama huyu, usimkate kilimi, usimshike kidevu ukimwambia asalimie. Kaa naye mahali asipotazamwa. Na akisema, jibu alichosema.

Bado nina siku ambazo koo linakaza, nikiwa kati ya watu nisiowajua. Hapo huwa nakumbuka asubuhi moja darasani, nilipoinua mkono.

"Madame, naomba kutoka."

Benchi zote ziligeuka. Madame alikuwa akiandika ubaoni, na hakuacha kuandika.

"Nenda, mama."

Nilitoka, nikavuka uwanja, nikajifungia chooni na kulia mpaka nikatosheka. Mkojo wenyewe sikuwa nao.