Kapteni Aliyepotelea Tongaren

Nikipita karibu na posho mill, kinu cha kusagia unga, hapa Kitale, vumbi la mahindi makavu likaniingia puani, mimi hupiga chafya kisha nikacheka peke yangu. Msinishangae. Vumbi hilo hunirudisha kwenye kitabu kimoja nilichokipenda kupita kiasi.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, jalada limelegea, kilichotungwa kutokana na ile tamthilia ya wasafiri wa anga iliyokuwa ikionyeshwa kwa televisheni tangu mama yangu akiwa msichana. Alininunulia sokoni, kwa wauza vitabu vikuukuu. Desemba hiyo, shule zilipofungwa, nilikwenda nacho Tongaren kwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba.

Tongaren wakati huo ni kupukuchua mahindi. Unakaa juu ya gunia mpaka kidole gumba kinachubuka. "Si unisomee hiyo kitabu yako," kukhu akaniambia siku ya kwanza, nami nikashukuru Mungu. Yeye akipukuchua, mimi nilisoma na kumtafsiria, nikiongeza chumvi pale nilipoona hadithi imepoa. Viumbe wenye macho matatu hawakumshtua hata kidogo. Alisema ameona mabaya zaidi sokoni Kimilili.

Lakini Kapteni alipopotea na chombo chake, mikono ya kukhu ilisimama. Kitabu kiliishia hapo, mama yake Kapteni akiwa bado anamngoja.

Niwaambie hali ya nyumbani kwetu. Baba mkubwa Barasa, kifungua mimba wa kukhu, alikwenda kuendesha malori ya Kongo kabla sijazaliwa, na habari zake zikakatika. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake, watu wakamlilia na mambo yakaisha. Wazee wa ukoo walimsihi kukhu miaka nenda miaka rudi akubali. Jibu lake lilikuwa moja tu, kwamba yeye hakuzaa mgomba.

"Kwa hivyo huyo Kapteni amekufa?" kukhu akaniuliza.

"Hapana, kukhu! Si bado wako naye kwa TV? Alirudi."

Uso wake ukachangamka. Ningenyamaza hapo, lakini nilitaka kuonyesha ninavyoijua ile tamthilia. "Ila alirudi na sura ingine. Yule wa kwanza alizeeka, wakaweka kijana. Lakini ni yeye tu. Jina ni lile lile."

"Na mama yake akamkubali?"

"Alimkubali."

Kukhu alifuta mikono kwa leso, akainuka na kuyaacha mahindi. Nilidhani nimemharibia hadithi.

Wiki hiyo hiyo aliwaita wazee, na wazazi wangu wakaja. Baba akakata mgomba nyuma ya jikoni, wakauvika shuka, wakauzika kando ya kaburi la babu. Kukhu alilia kilio kilichonitisha, nikajificha nyuma ya mama, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa. Niliogopa sana siku hiyo, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunieleza kitu.

Mvua zilipoanza, mama alijifungua mtoto wa kiume. Mimi nilitaka aitwe kama Kapteni, na nilinuna waliponikatalia. Nilikuja kuelezwa na baba, nikiwa mtu mzima, kwamba huwezi kumpa mtoto jina la mtu aliyepotea, maana ni kama kumuua kwa mdomo wako. Lazima kwanza azikwe. Ndipo jina lake linakuwa huru kupewa mwingine, na aliyekwenda akaonekana tena katika ukoo.

Kukhu alimpokea mtoto, akamfunua uso, akamkagua kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Barasa," akamwambia, "mbona umekawia hivyo?"

Watu wote wakacheka, nami nikasahau kununa, nikacheka nao. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba kukhu hakuwa akitania.